Kofia ya Kukua Nayo

Elerai, Jumapili alasiri

Mwanangu Elirehema,

Sikuulizi hali, kwa sababu mchana huu nimekuona kwa macho yangu ukimaliza ndizi za mama yako na kufuta sahani kwa kidole, jambo nililokukataza tangu ukiwa na miaka minne. U mzima. Sasa umepanda Olmotonyi kumuaga bibi yako, mama yako yuko uani anaanua nguo zako, nami nimekaa mezani na karatasi zenye mistari kama zamani nilipokuwa nikisahihisha insha. Basi lako linaondoka kesho alfajiri. Barua hii utaikuta katika mfuko wa nje wa begi, pale unapoweka bendeji za mikono, maana najua ndipo utakapofungua kwanza ukifika Dodoma.

Mambo ya kila siku mama yako ameyaandika yote katika daftari la bluu, hata namna ya kuanika glovu zisinuke. Sitayarudia. Nilisahihisha makosa mawili ya herufi katika orodha yake, akaninyang'anya kalamu.

Mimi nataka kukuandikia juu ya neno moja tu. Nimefundisha sarufi ya Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini, na neno hili nilidhani ninalijua. Ni kitenzi "kutosha". Chakula hutosha, maji hutosha, na nguo humtosha mtu. Nililifundisha hivyo, nikalichora ubaoni, nikaendelea na somo. Wewe ndiye uliyenionyesha, ukiwa umesimama ulingoni huku kofia imekufunika macho, kwamba neno hili laweza pia kutumiwa kwa uongo wa heshima. Tena uongo huo ulijifunza kwangu.

Nianze na babu yako. Nilipofaulu kwenda sekondari, babu yako aliuza kahawa, akashuka mjini akaninunulia viatu vyeusi vya ngozi. Vilikuwa vikubwa kiasi kwamba mguu wangu ulikuwa ukitembea ndani ya kiatu kabla ya kiatu chenyewe kuanza safari. Akaniuliza, "Vimekutosha?" Nikamjibu, "Vimenitosha, baba." Mtoto wa Kimeru wa enzi zangu angejibu nini? Bibi yako alichukua majani makavu ya migomba akayakunjakunja, akajaza mbele. Nikawa natembea huku miguu inalia kama mtu anayepita shambani wakati wa kiangazi. Shuleni waliniita Mgomba. Siku ya kwanza ya michezo nilipiga mpira, na kiatu kikaenda mbali kuliko mpira. Golikipa alikidaka kiatu. Mpira ulipita pembeni yake ukaingia, na hadi leo kuna wazee wenzangu wanaobishana kama lile lilikuwa goli.

Nilicheka nilipokuwa nakusimulia kisa hiki utotoni, nawe ulicheka. Lakini sikukueleza sehemu ya pili: kwamba viatu vile havikuwahi kunitosha. Vilichakaa kabla mguu haujavifikia. Na bado, nilipopata mtoto, kila nilichokununulia kilikuwa kikubwa. Sare ya darasa la kwanza ilikufika kwenye vifundo. Sweta la shule uliliacha ukiwa darasa la tano, na mikono yake bado ulikuwa ukiikunja. "Ya kukua nayo," nilikuwa nikisema, kama alivyosema babu yako. Kisha nakuuliza, "Imekutosha?" nawe unajibu kama nilivyojibu mimi. Vimenitosha, limenitosha, imenitosha: ngeli zilibadilika, uongo ulibaki ule ule, na mwalimu wa sarufi hakuusikia.

Ulipokuja kutuambia kwamba umejiunga na mchezo wa ngumi na mateke kwenye ule ukumbi nyuma ya gereji, unakumbuka nilinyamaza muda gani? Mama yako anasema chai ilipoa. Sikunyamaza kwa hekima. Nilikuwa natafuta namna ya kuwaeleza wazee wenzangu wa kanisa kwamba binti yangu, mwimbaji wa sauti ya pili, anarusha mateke. Sikuipata. Nikaamua kwamba kama jambo hili haliwezi kuzuiliwa, basi angalau lifunikwe, nikakununulia trakisuti.

Trakisuti ile nakuomba radhi kwayo kwa maandishi. Ilikuwa ya mtu mzima mwenye tumbo. Siku ya kwanza uliporudi kutoka mazoezini, goti limechubuka, ulisema umeteleza. Siku ya pili uliteleza tena. Siku ya tatu mama yako akaivaa yeye mwenyewe sebuleni, akainua mguu kujaribu teke, kitambaa cha mguu wa kushoto kikanaswa chini ya wa kulia, akaketi sakafuni kwa kishindo. Akabaki pale pale chini akinitazama.

"Baba Eli," akasema, "mguu haurushwi ndani ya hema."

"Ni kwa ajili ya staha," nikamjibu.

"Staha gani ya mtoto kuanguka mbele ya watu kila jioni? Nipishe nikafikie cherehani."

Ndivyo ulivyopata ile bukta nyekundu, pana mapajani, yenye mpasuo pembeni na mpira laini kiunoni, ya kipimo chako na si kipimo cha mwaka kesho. Mama yako alikupima kwa futi yake ya ushonaji, akakuambia uchuchumae, uruke, uinue goti hadi kifuani, ndipo akakata kitambaa. Nilipita nikajifanya naelekea jikoni. Niliona kwamba nguo ya kazi hupimwa mtu akiwa anafanya kazi, si akiwa amesimama wima kama wa picha.

Sasa nifike sokoni Kwa Mrombo. Habari hii unaijua kwa upande wa mwenzako Neema tu. Upande wangu sijausema kwa mtu.

Kocha Lomayani alikuwa amewaambia kila mtoto aje na kinga za miguu. Uliniletea habari hiyo nami nikasema nitakwenda mwenyewe sokoni. Nikafika kwa yule Mchaga mwenye kibanda cha vifaa vya michezo vya mtumba, ambaye sote tunamwita Mangi. Nikamsalimu, nikamwambia kwa Kiswahili sanifu:

"Nahitaji kinga za ugoko."

Akanitazama. "Za ukoko?"

"Ugoko."

"Mzee wangu, ukoko nenda kwa mama ntilie pale kwenye kona. Ila wahi, wali wa mchana umeshaisha, watakuwa wanakwangua sufuria."

Wauza viatu wa jirani wakaanza kucheka. Mmoja akasema, "Mangi, muuzie mzee ukoko, weka na maharage."

Mwanangu, nilipandwa na ualimu. Nilisimama pale katikati ya soko nikafundisha. "U-go-ko. Ni mfupa wa mbele wa mguu, kuanzia chini ya goti hadi kwenye kifundo. Semeni wote." Na walisema! Mangi, wauza viatu wawili na mama mmoja aliyekuja kununua karoti. Ugoko. Tena kwa sauti.

"Aaa," akasema Mangi, "kumbe shingadi! Si ungesema mapema, mwalimu."

"Neno hilo silijui."

"Nalo halikujui. Za mchezo gani?"

Hapo ndipo kosa langu lilipo. Hilo la neno lilikuwa la kuchekesha tu. La kweli ni hili. Aliniuliza swali moja la maana, swali ambalo muuzaji yeyote mwenye akili huuliza, nami nikaona nyuma yake amesimama mwenzangu wa baraza la wazee wa kanisa akichagua soksi. Nikajibu, "Za mtoto. Za mchezo tu."

"Mchezo tu" ni jibu ambalo ningelikata kwa wino mwekundu katika insha ya mtoto yeyote. Mangi akafungasha za mpira wa miguu, zile za plastiki ngumu, na mimi nikaondoka nikiwa na furaha ya kuwafundisha watu wanne neno moja. Sikufungua hata mfuko. Nilipokukabidhi nilikuuliza, "Zimekutosha?" Ukajibu ulivyojibu.

Baada ya siku mbili Neema, rafiki yako na mwenzako wa mazoezi, alikuja kwetu akichechemea. Alikuja kunisalimu tu, mtoto mwenye adabu, "Shikamoo baba," huku ameficha paja lenye alama ya buluu yenye umbo la kingo za plastiki. Nikauliza nani amemuumiza. Mkatazamana, mkaangua kicheko. "Ni ugoko, baba," akasema Neema.

Nilikwenda kumwona Kocha Lomayani nikiwa nimevaa koti, tayari kulalamika. Akatoa kinga zangu kwenye boksi, akaigonga ile plastiki kwa kucha: ko, ko, ko.

"Mwalimu, hizi za mpira. Za mpira zinakulinda wewe usipigwe njumu. Basi. Huku kwetu mguu wako ndiyo silaha, unaenda kumpiga mwenzako. Kinga lazima iwe laini nje, nene, ishuke mpaka hapa juu ya unyayo. Inalinda wawili, we na yule unayemchapa. Ukivaa hii ngumu, umemvalia rungu."

"Hakuna aliyenieleza," nikasema.

"Si ulimwambia Mangi ni za kikboksi?"

Nikakohoa. Kocha yule ni mdogo wangu kwa miaka mingi, lakini alielewa kikohozi changu, akageuka kufunga boksi ili asinitazame usoni. Kwa hisani ile nilimpenda.

Nililijua neno sahihi, nikanunua kitu kisicho sahihi, kwa sababu niliona haya kusema kitu hicho ni cha nini. Tangu siku hiyo nikiingia dukani kutafuta chochote cha ngumi na mateke, natangaza tangu mlangoni: ni cha binti yangu, anapigana, ana kilo hamsini na tano, na mkono wake wa kushoto ni mzito. Mzee mwenzangu wa kanisa, yule wa soksi, alipokuja kusikia, unajua alisema nini? "Mbona hukutuambia, tukaja kumtazama?" Nilikuwa nimemwogopa mtu ambaye alikuwa anatafuta pa kwenda Jumamosi.

Ungedhani baada ya hayo nilikuwa nimepona. Sikuwa nimepona. Lilipokuja pambano lako la kwanza nikatafuta kofia ya kinga, na nikatafuta kwa makini. Nikaikagua ngozi yake, nikabonyeza sifongo ya mashavuni, nikavuta mkanda wa kidevuni, nikauliza maswali yote. Kisha, nilipoulizwa saizi, mdomo wangu ukajibu wenyewe: "Nipe kubwa. Ya kukua nayo."

Kichwa cha msichana wa miaka kumi na saba, mwanangu, kinakua kwenda wapi?

Uliivaa. "Imenitosha, baba." Mama yako akainua nyusi, nami nikamkatiza kwa kusema kwamba ukikaza mkanda itakaa.

Ukumbini tulikaa safu ya tatu, mimi, mama yako, Mangi aliyefunga kibanda mapema, na yule mzee wa kanisa na mkewe. Yule msichana kutoka Moshi alikuwa mrefu na mtulivu. Ngumi yake ya kwanza haikukuumiza hata kidogo. Ilizungusha kofia tu. Tundu la jicho lilikwenda sikioni. Ukawa unampiga mwamuzi.

"Dada, geuka! Mpinzani yuko huku!" akapaza sauti mtu nyuma yetu.

"Mwacheni, kofia inapigana yenyewe!"

"Mpeni tochi huyo!"

Ukumbi mzima ulikuwa unacheka, na mimi ningeweza kucheka pia kama nisingeona teke likija. Wewe hukuliona. Ulikuwa gizani ndani ya kofia niliyokununulia mimi, na lile teke lilikupata ubavuni, ukapiga goti. Mwamuzi akasimamisha. Sijawahi kuogopa vile. Nilikuwa nimemvalisha mtoto wangu kitambaa cha macho kwa mkono wangu nikakiita kinga.

Nilishuka ngazi bila kujua kwamba nimeinuka. Nikafika kwenye kona yako wakati kocha anakuvua ile kofia na kuipimapima.

"We Eli, hii kofia ya nani? Ya baba yako?"

Na wewe, huku unahema, umeshika ubavu, jasho linakuingia machoni, ulijibu, "Hapana, kocha. Imenitosha."

Hukujua kwamba niko nyuma yako. Hukuwa unasema uongo ili kujinusuru. Ulikuwa unanilinda mimi, mbele ya ukumbi mzima, nisiaibike. Nimekwisha kukuambia kwamba kinga nzuri hulinda wawili. Pale niliona kinga isiyomlinda yeyote.

Nikasema, kwa sauti ile ya kuita mahudhurio, "Haimtoshi. Nimeinunua mimi, ni baba yake, na haimtoshi hata kidogo. Haikuwahi kumtosha."

Mangi akapiga makofi. Neema akavua kofia yake akakupa. Ulipoifunga, ukatikisa kichwa kulia na kushoto, haikusogea. Ukanitazama, na nilikuona macho yote mawili. Ulishindwa pambano lile kwa pointi chache, lakini raundi ya mwisho ilikuwa yako na hata yule msichana wa Moshi alikubali. Nyumbani tulirudi tukicheka hadi mama yako akalazimika kukaa kwenye jiwe pembeni ya njia. Wewe ulikuwa unaigiza namna ulivyomvizia mwamuzi.

Kuhusu Jumamosi iliyopita huhitaji kusimuliwa, lakini mimi nahitaji kusimulia. Tulirudi Kwa Mrombo kununua vifaa vyako vya Dodoma, na Mangi aliponiona tu akasimama akaweka mkono kifuani.

"Mwalimu! Karibu. Kinga za ugoko zipo, mpya kabisa."

"Ahsante, Mangi," nikamwambia. "Nipe shingadi. Za kikboksi."

Ukacheka mpaka ukashika nguzo ya kibanda. Kisha ukaanza kazi. Uligonga shingadi kwa kucha ukisikiliza. Ukazivaa, ukampiga Mangi teke la pole pole kwenye paja ukamuuliza kama linauma, na maskini akasema haliumi, kwa sauti ya mtu linayemuuma kidogo. Glovu ulikunja ngumi ndani yake ukiwa umeshafunga bendeji, kwa sababu ulisema mkono mtupu hudanganya. Kofia ulijaribu saba. Saba! Kila moja ulitikisa kichwa kama ng'ombe anayefukuza nzi. Ya nne ilikuwa nzuri sana, nyeusi, ya ngozi halisi, na mimi niliipenda. Nikakuuliza, nikiwa nimeanza kutafuta pochi, "Imekutosha?"

Ukaitikisa tena. Ukanitazama. Niliona ule uongo wa zamani ukikujia mdomoni, nikaujua kwa sura, maana ni wangu.

"Hainitoshi, baba," ukasema. "Inapwaya hapa nyuma."

Sikumbuki mwanafunzi aliyewahi kunipa jibu lililonifurahisha kuliko hilo. Nilicheka peke yangu pale sokoni hadi Mangi akaingiwa na wasiwasi.

"Mzee, mbona unafurahi mali yangu ikikataliwa?"

"Lete nyingine, Mangi," nikamwambia. "Leo zikataliwe zote."

Sasa unakwenda kwenye klabu ambayo vifaa vingi, kama Kocha Lomayani alivyonieleza, hutoka katika gunia moja na kila mtu huvaa kinachomfikia. Vyako vitachakaa, na siku moja utavaa vya gunia. Kutakuwa na mwalimu mpya, mtu mzima, pengine mkali, pengine mwema sana kiasi kwamba utaona haya kumkatalia. Atakutupia kofia au kinga ya mtu mwingine, atakuuliza swali lile lile huku anatazama saa. Hilo ndilo ninaloliogopa, si ngumi ya mtu. Naogopa kwamba adabu niliyokufundisha itajibu kabla yako.

Mwambie "shikamoo" kwa adabu yako yote. Kisha mwambie "hainitoshi". Maneno hayo mawili hayagombani. Mimi ndiye niliyekuwa nikidhani yanagombana. Na siku utakapolisema hilo la pili kwa mara ya kwanza huko, nitumie ujumbe wa neno hilo moja tu, bila salamu na bila maelezo. Mimi, niliyekuwa nikikataa insha zisizo na utangulizi, nitaupokea.

Namsikia mama yako anakuita. Umefika langoni, na kwa namna anavyopiga kelele, bibi yako amekutwisha mkungu wa ndizi wa kwenda nao Dodoma. Itabidi nimalize.

Ile kofia kubwa sikuitupa. Iko juu ya kabati langu, nimeijaza majani ya migomba ili isibonyee. Huwa naivaa mama yako akitoka. Inanitosha kabisa, Kocha Lomayani alikuwa anasema kweli, ilikuwa ya baba yako. Na nikiwa nimeivaa nimefikiri jambo moja. Siku ulipozaliwa niliitwa nikakupokea, nikakushika, nikaona wazi kwamba nimepewa kitu kikubwa kuliko mimi. Sikumwambia mtu. Nilijibu "ahsante" kama mtoto wa Kimeru alivyofundishwa, nikajaza majani pale palipopwaya, nikatembea nawe hivyo hivyo kwa miaka kumi na tisa, nikijikwaa, na watu wakisikia.

Ulikuwa wa kukua naye, mwanangu. Nimekua. Leo naweza kulisema neno hili bila uongo wowote ndani yake: umenitosha.

Baba yako